Kioo cha Injini ya Kingolwira

Shamba la mkonge, Kingolwira
4 Aprili 1912

Kwa mjomba wangu Dadi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kinabana kwa moshi. Nyumbani hamjambo? Mama mguu wake umepona?

Mjomba, nina balaa. Hiki kiinjini kikuukuu cha kuvuta mkonge kinavuja mvuke kila mahali, na masika haya kioo cha mbele kinajaa ukungu hata dereva Severini haoni reli. Nimekipangusa kwa shuka langu, nimekipaka sabuni, nimekiwekea kopo la makaa chini yake. Wapi! Nikikaa kupangusa, moto unalala. Nikichochea moto, ukungu unarudi. Juzi tumemgonga punda wa bwana mwenye shamba hili. Kaapa kwamba tukigonga tena, mimi napelekwa boma nikale viboko hamsa ishirini. Na watu wanapita relini kila siku. Naogopa, mjomba.

Mpwa wako, Pazi

Mgeta
11 Aprili 1912

Mpwa wangu Pazi,

Marahaba, mwanangu. Huku wazima, mvua tu inatukomesha. Mguu wa mama yako umepona, na sasa hatulii nyumbani.

Sabuni! Nani kakudanganya? Pokea kifuko hiki kwa Mikidadi, mleta barua. Ni tumbaku yangu ya kunusa, nimeisaga mwenyewe. Iloweke, ukipake kioo chote. Padri wa hapa hupaka miwani yake kiazi ulaya kilichokatwa. Mama yako kasikia, basi anachimba viazi akuletee siku ya gulio. Nimemkataza, lakini dada yangu unamjua.

Na ujiangalie. Huku kwetu mpwa akikosa, anayeulizwa ni mjomba.

Mjomba wako, Dadi

Boma, Morogoro
20 Aprili 1912

Mjomba,

Shikamoo. Kabla ya yote, mama ni mzima. Soma tena hapo ndipo uendelee.

Jana nilipaka tumbaku yako. Ukungu ukakimbia, Severini akacheka kwa furaha. Kisha mvua ikakatika, jua likatoka, kioo kikakauka na kuwa cheupe kama kimepakwa chokaa. Mjomba, uliitia magadi!

Tulikuwa tunateremka na breki hazishiki. Nikatoa kichwa pembeni, moshi machoni, nikaona kaniki na kikapu katikati ya reli. "Mtu!" Severini akapiga kelele, "Wapi? Sioni!" Filimbi ikalia, yule mtu badala ya kuruka akasimama kuushika mzigo wake. Nikakipiga kioo kwa koleo, kikapasuka chote. Severini akaona, akarudisha injini nyuma kwa nguvu zake zote. Tulisimama tumekisukuma kikapu. Viazi vikatapakaa. Ndipo akageuka, nikaona ni mama.

Bwana anasema nimevunja kioo kwa makusudi, kanifungisha hapa bomani. Jumatatu nachapwa. Usije, mjomba, nakuomba.

Pazi wako

Mgeta
21 Aprili 1912

Pazi,

Salamu baadaye. Mama yako kafika usiku, na amekula.

Usiseme neno lolote mpaka nifike. Magadi niliyatia mimi, kwa mazoea. Tumbaku bila magadi kwetu ni majani tu. Haikunijia kabisa kwamba kioo hakina pua. Mtoto wa dada yangu kidogo amuue dada yangu, na kwa mkono wangu! Akida anayekuhukumu hapo bomani ni mtu wa huku, desturi anaijua. Nitamwambia kosa ni langu na mgongo ni huu hapa.

Nateremka sasa hivi. Anayeleta barua hii ana mbio kuliko mimi.

Mjomba wako

Kingolwira
6 Mei 1912

Kwa mjomba wangu Dadi, kwenye mnyororo, Morogoro,

Shikamoo. Vidonda vya mgongo vinakauka? Dawa aliyochemsha mama wanakuruhusu kupaka?

Akida alipokubali kosa liwe lako wakanifungulia, nilidhani wamekusamehe na wewe. Nilikuwa nje ya ukuta niliposikia kiboko. Nililia kama mtoto, mjomba, sikuona haya. Mgongo ule ulikuwa wangu.

Bwana katia kioo kipya. Kila asubuhi nakisugua kiazi, kinabaki safi hadi mchana. Jana kaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia, mjomba wangu, yule anayechimba barabara na mnyororo shingoni.

Mama anakuja bomani kesho na chakula. Relini hakanyagi tena, anazungukia porini. Chini ya ugali, kwenye jani la mgomba, utakuta tumbaku. Nimeisaga mwenyewe, na magadi nimetia mengi, kama unavyopenda.

Mwanao, Pazi