Dada Goreth, nimechungulia darubini ya bunduki

Dada Goreth,

Nimeolewa. Wiki hizi nimelisema neno hilo kwa wauza mboga wote wa Jules Street, barabara yetu huku ugenini, na kwa yeyote anayesimama kunisikiliza, lakini kila nikilisema naona mwenye kustahili kulisikia bado hajalisikia.

Anaitwa Deo, wa Gitega, mrefu, ana sauti ya kwaya hata akiomba chumvi. Asubuhi hunichemshia maji ya kuoga kabla sijaamka. Tukingoja robot, taa ya barabarani, iwe kijani hunishika mkono kama mtoto wa shule, na ikiwa kijani hauachii. Ungemtania mpaka akimbie.

Siku ya kunitoa ndani baada ya harusi, ambayo wewe na kina shangazi mngekuja na vikapu vya chakula, alikuja Mama Thandi wa chumba cha chini, Mtanzania aliyemfuata mumewe huku aliporudi kwao kutoka uhamishoni, sasa mjane. Alileta pilau. "Leo mimi ndiye ukoo mzima," akasema, "kwa hiyo nipewe viti vitatu." Nilicheka sana. Kisha nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili wasinisikie.

Sasa nikueleze la jana.

Deo anafanya kazi ya kufunga mabanda kwenye ukumbi wa maonyesho, akanitafutia kibarua cha kugawa kahawa. Aliniona na sketi nyeusi akasema, "Eish, madame, leo wewe ni mhudumu wa ndege." Hakuniambia ni maonyesho ya nini. Nadhani hakufikiri kuwa ni kitu cha kusema. Zilikuwa silaha za jeshi. Bunduki mpya, nyepesi, zimelazwa juu ya vitambaa vyekundu kama zawadi za harusi, na wanaume wa suti wanazinyanyua na kuziweka mashavuni kama busu, wakilenga. Nilizunguka na trei. Sikuogopa. Zilikuwa safi mno, hazikufanana na za kwetu.

Mzungu mmoja mwenye banda la darubini, zile zinazofungwa juu ya bunduki, alikuwa mchangamfu. "Njoo uone, dada. Utamhesabia mtu meno kutoka huku." Darubini ilikuwa juu ya stendi, peke yake, bila bunduki. Nikaweka trei chini, nikafumba jicho moja.

Nikamwona Deo. Alikuwa kwenye mlango wa mbali kabisa, ambako kwa macho yangu watu walikuwa vivuli tu. Amekaa juu ya mbao anakula andazi, penseli sikioni. Niliona sukari kwenye sharubu zake. Niliona akilamba kidole, akatabasamu peke yake, na nikajua anawaza kitu cha kunisimulia tukirudi. Dada, nilimpenda upya palepale. Na katikati ya kifua chake kulikuwa na ule msalaba mwembamba mweusi wa kulengea, naye hana habari.

Ndipo nikakuona wewe. Unaanua nguo nyuma ya nyumba yetu Bujumbura, na mlima ule mbele yako.

Unajua Mama aliwaambia nini waliokuja msibani? "Ni risasi ya kupotea. Haikumjua mwanangu." Tulilishika neno hilo sote. Mimi limenivusha mipaka yote mpaka huku, kwa sababu kama hakuna aliyekutaka wewe, basi hakuna wa kumchukia. Lakini ilikuwa risasi moja tu, Goreth. Haikufuatwa na nyingine. Na jana nimejua mtu wa mbali anaona nini. Huenda aliona pini za nguo ulizobana kwa meno. Huenda aliona unavyoimba. Aliona ulivyo mzuri, na bado akafyatua.

"Nzuri, eh?" mzungu akaniuliza. Nikamjibu, nzuri, bwana. Nikachukua trei.

Njiani Deo aliniuliza nina nini. Nikamwambia ni viatu vinanibana. Nyumbani alinikanda miguu mpaka akasinzia amekaa, na mimi nikamtazama, mume wangu ninayempenda hivi, nikaona sijawahi kuwa peke yangu namna ile. Anajua nilikuwa na dada aliyekufa vitani. Hajui zaidi ya hapo.

Leo maonyesho yamefungwa, yanaendelea kesho. Sitaenda. Na leo, akirudi kutoka kwaya, nitamwambia kwa nini, nimalize yote. Mama sitamwambia. Yeye abaki na risasi yake isiyomjua mtu. Lakini Deo lazima ajue, hata kama atanifariji vibaya, hata kama ataimba. Nisipomwambia, nitabaki na yule mlengaji wa mlimani, mimi na yeye tu, tunakutazama.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi, mimi na yule hatutabaki wawili tu.

Mdogo wako,
Espérance