Baba Yako na Kamera ya Barabarani

Mwanangu kipenzi,

Hujambo huko uliko? Sisi wazima, na paka wako kanenepa mpaka dirisha halirukii tena.

Uliponiuliza kwenye simu kuhusu gari lako, nilikujibu kuwa limetulia. Sikudanganya. Lilikuwa limetulia kwenye yadi ya polisi.

Baba yako alikuwa ananipeleka hospitali. Usishtuke, ni goti tu, na sasa ngazi napanda mwenyewe. Siku hiyo lakini nililia njia nzima, naye akakanyaga mafuta. Kamera ya barabarani ikammulika, na yeye, kwa adabu zake, akaipungia mkono! Alidhani ndani yake kuna askari anamtazama. Askari wenyewe walikuwa mbele, picha wameshaiona. Wakadai leseni. Ataitoa wapi? Maisha yake yote ameendesha trekta ndani ya shamba la kampuni, hakuna aliyewahi kumuuliza. Gari likavutwa tunalitazama.

Alinuna hadi asubuhi. Nikamwambia, “Mzee, kununa hakutatoa gari. Nenda ukasome udereva.”

Akaenda, akakaa darasa moja na vijana wanaomwita Babu Salamu, maana ile picha ya kamera, aliyopewa na polisi, aliwaonyesha mwenyewe. Kafaulu! Na jana gari limerudi.

Kwa hiyo ukija, usitafute teksi. Tutakupokea sisi. Ukituona tunakuja, mpungie baba yako mkono, ila usisubiri akujibu. Siku hizi mikono yake yote miwili iko kwenye usukani.

Ni mimi mama yako,
abiria wa kiti cha mbele