Maji Tuliyoyapata kwa Jina la Burito

Butiama, Mara,
11 Septemba 2024.

Mpendwa mke wangu Lucy,

Pokea salamu za mumeo mzee. Hujambo huko Dodoma? Kile kifua chako cha vumbi kimepoa? Babu yako ni mzima, goti tu ndilo linanisumbua nikiinuka. Barua hii naandika mwenyewe, sijamuomba mtu. Kwenye kisomo cha watu wazima nilikuwaga wa kwanza, hata mwalimu alinionea wivu. Herufi zikipinda, ujue naandikia juu ya hilo goti.

Mahindi tumevuna, si mengi. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Bibi yako Hyasinta anasema ule ushibe, mwanafunzi mwembamba haolewi. Nimemwambia umeshaolewa na mimi, amekasirika.

Sasa neno lenyewe. Krismasi ulitueleza yale mnayofundishwa chuoni, kwamba kuna mzungu mmoja alisema jambo jema ni lile linalowapa watu wengi zaidi raha. Nililipenda sana. Nikasema huyo mzungu ana akili, karibu kama mimi. Ukaendelea na mwingine anayesema mtu asitumiwe kama jembe, lakini hapo nilikuwa na mfupa wa mbuzi mkononi, sikusikiliza.

Kiangazi hiki sola ya pampu ya maji iliibwa. Watu wa mradi wa maji wakasema hawaleti nyingine mpaka tumtoe mwizi. Wanawake wakarudi kwenye ile chemchemi ya mawe, watoto wakaharisha. Mwizi hajulikani. Wazee tukakaa, na unajua bila mimi hawamalizagi. Nikasema tumtoe Burito. Mlevi, hana mke, hana mtoto, ana mama yake tu. Aumie mmoja, kitongoji kizima kinywe. Hata chuo chako nilikitaja, wakatikisa vichwa kwa heshima.

Lucy, siku sola inaibwa Burito alilala kwangu, karibu na zizi, amelewa. Asubuhi nilimpa uji kwa mkono wangu.

Alipoletwa barazani akaniangalia. "Mzee Makongoro, sema basi. Si nililala kwako?"

Nikamjibu, "We mlevi, utajuaje ulikolala?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa kuchekesha baraza hakuna ananifikia, na siku hiyo nilitumia hilo. Wakamtenga kwa desturi yetu: asisalimiwe, asipewe moto, akifa asizikwe na watu. Akaenda Bunda, anabeba mizigo stendi.

Sola ikaja, maji yanatoka. Watoto wamepona, nasifiwa mpaka kilabuni. Kwa kipimo cha yule mzungu nimeshinda. Mbona sasa sijioni mshindi?

Mama yake Burito, Sara, bomba liko karibu kabisa na mlango wake, lakini anapita na ndoo kwenda kwenye chemchemi ya mawe. Nikamwambia, "Mama Burito, maji si hayo hapo?" Hakusimama. Akasema, "Hayo ni ya ninyi wengi, mzee wangu. Mimi niko peke yangu."

Na kuna kitu sikukipima. Wale wasio na ndugu hapa, kama Felisian fundi baiskeli, siku hizi wananisalimia wakiwa mbali. Wanaona nachagua anayefuata.

Jumatatu nilienda Bunda. Nilimkuta Burito na gunia la dagaa mgongoni. Nikamsalimia mimi kwanza, mzee mzima. Hakuitika. Alisema tu, "Ule uji wako ulikuwa na sukari nyingi, mzee." Akaenda zake na gunia.

Sisi wa ujamaa tulifundishwa binadamu wote ni sawa, na mimi nilikuwaga nashika bango mbele ya wote. Kumbe nilishika bango tu. Niandikie huyo mwingine alisemaje, yule niliyemkosa kwa ajili ya mfupa.

Lakini jibu lako litanikuta nimeshasema. Jumamosi kuna mkutano, nitasimama niseme Burito alilala kwangu. Mradi wanaweza kuja kung'oa sola yao. Watoto wakiharisha tena nitawasikia wakilia, na hilo silidharau, sijui nilipimeje. Bibi yako ananiambia ninyamaze, maji yameshatoka. Unanijua, nikishaamua sirudi nyuma, hata kwa ubaya niliamua hivyohivyo.

Desturi inasema aliyedanganya baraza anatengwa yeye. Kwa hiyo ukija Krismasi ukaona watu wanakata kona wakifika kwangu, usiogope. Ingia. Unipe shikamoo kwa sauti kubwa, majirani wasikie kuna mtu ananiamkia.

Nisalimie kaka yako Gody na mkewe, na shangazi Veronika ukimpata kwenye simu. Hyasinta anakusalimu ingawa bado amenuna. Mungu akutangulie katika masomo na akurudishe nyumbani salama.

Ni mimi mumeo mzee, ninayekupenda sana,
Babu Makongoro