Matundu ya Chumba cha Mama

Kaka Melkizedeki,

Huku nyumbani tunaendelea. Ng'ombe amezaa jike, na baridi ya Julai imezidi. Mlima hatujauona wiki nzima kwa ukungu.

Umesema mnakuja Agosti na watoto, mlale chumba cha Mama kwa sababu ndicho chenye joto. Nilijaribu kukuambia kwenye simu mara mbili, nikaishia kumuulizia wifi na watoto.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akiingiza jiko la mkaa chumbani kila jioni, tangu tukiwa wadogo, na hatukudhurika. Hewa yake ya sumu ilitokea kwenye matundu kati ya ukuta na bati. Mwaka jana uliposema chumba kiboreshwe, fundi aliweka madirisha ya vioo. Yale matundu niliyaziba mwenyewe kwa saruji, nikajisifu. Mama akacheka, "Anande, sasa nitalala kama mzungu."

Jiko sikumkataza. Halikunijia akilini kabisa.

Hata wiki mbili hazikupita. Asubuhi ile nilipofungua mlango, jiko lilikuwa bado lina uvuguvugu pembeni ya kitanda. Nililitoa nje kwanza, ndipo nikaita majirani. Watu wakasema ni presha, nami nikanyamaza.

Matundu nimeyatoboa tena. Watoto waje na masweta.

Siku ya mazishi ulinishukuru mbele ya ukoo mzima kwamba Mama hakufa akisikia baridi. Shukrani hizo, Kaka, zichukue. Mimi siwezi kukaa nazo.

Mdogo wako,
Anande