Mlango wa Gari la Mikate

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Sisi hatujambo. Goti la mama yako limepoa, ameanza tena kukimbizana na kuku wa jirani. Mimi ni mzima isipokuwa haya macho. Mtoto wa jicho ameshalifunika la kulia, na la kushoto nalo linaelekea huko huko. Ndiyo maana naandika kwa kalamu nene na herufi kubwa, usidhani nakufokea.

Pesa ulizotuma za operesheni zimefika. Ziko kwenye bahasha kabatini na sijazigusa. Jana nilikuwa kwa kinyozi, redio ikatangaza kwamba kampuni ile ya kusafirisha vifurushi imepata nembo mpya, na ofisi iliyoichora imelipwa pesa za kujenga zahanati mbili pamoja na vyoo vyake. Kinyozi akaniuliza, "Si ndiyo ofisi ya binti yako?" Nikasema ndiyo. Wembe wake ukabaki hewani.

Zahanati mbili kwa picha ya watu wawili wanaopeana sanduku! Mwanangu, miaka thelathini na nane nimeandika vibao vya mji huu, duka la dawa, shule, mpaka mwenye kuuza majeneza, na sijamtoza mtu zaidi ya rangi, jasho langu na soda. Anayelipwa hivyo ama kamlaghai mtu ama kuna watu anagawana nao. Nilikufundisha kushika brashi, sikukufundisha kupora. Nieleze nielewe. La sivyo, jicho litabaki na ukungu wake.

Ni mimi baba yako


Tarehe 11 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima ila barua yako imeninyima raha. Msalimie mama, mwambie kuku wa watu awaache.

Baba, sijamwibia mtu. Tulikuwa watu sita na kazi ilituchukua miezi minane. Nilizunguka na madereva wao wiki tatu, nikibeba vifurushi kama wao, nijue mteja anaona nini anapofungua lango lake. Tulichora picha mia na arobaini tukazitupa. Wanasheria wakatafuta kila pembe wahakikishe hakuna kampuni nyingine yenye picha kama yetu. Halafu tukaandika kitabu kizima cha maelekezo, ili fundi wa rangi wa mji wowote ajue picha inakaa wapi na rangi yake inachanganywaje. Kampuni ina magari elfu tatu na mia mbili, hujahesabu sare, maduka na risiti. Picha yenyewe ni sehemu ndogo ya bei. Wanacholipia hasa ni makosa yasitokee. Na kwenye michoro ya magari, aliyeweka saini ni mimi.

Daktari alisema miezi mitatu, baba, na mmoja umeshapita. Alisema ukichelewa jicho linaweza kupotea moja kwa moja. Nakuomba uichukue ile bahasha. Ni jasho langu.

Binti yako


Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako amenisomea barua yako mara mbili, ya pili akilia, kwa hiyo sikusikia vizuri.

Miezi minane! Kwa miezi minane mimi nauandika mji mzima na kuurudia. Na hayo makosa, tangu lini mtu akalipwa kwa kutokukosea? Ukikosea unachukua kitambaa, unafuta, unaendelea. Maneno yako ni matamu lakini mimi siyaoni, nimezoea kuona kazi. Nitumie huo mchoro wa gari wenye saini yako. Usiuweke kwenye simu, kule kila kitu nakiona kama nzi.

Bahasha iko pale pale.

Baba yako


Tarehe 1 Machi

Baba,

Shikamoo. Mchoro huu hapa, na vipimo vyake vyote nimeviandika kwa wino mweusi. Mtu wa kwanza yuko kwenye mlango wa ubavuni, ule wa kusukuma kwenda nyuma, ameinama mbele na sanduku mikononi. Wa pili yuko kwenye bati, upande wa nyuma wa mlango, amenyoosha mikono apokee. Kazi ya kupaka inaanza Jumatatu tarehe 18, miji yote kwa pamoja.

Mama ameniambia kwamba juzi uliliamkia koti lililoanikwa kwenye kamba, ukaliuliza habari za nyumbani. Alinisimulia huku akicheka, nami nikacheka naye. Baada ya hapo nililia. Siombi uniamini kesho, baba. Naomba uende kwa daktari, halafu tugombane ukiwa unaniona.

Binti yako


Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Salamu nitaziandika mwishoni nafasi ikibaki. Barua hii nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi, na nimemwambia asipokukuta ofisini akusubiri mlangoni.

Je, mlifungua mlango?

Mchoro wako sikuuona. Niliupeleka dirishani, nikaugeuza, nikaunusa, wapi. Basi nikamwomba mwokaji mikate aniazime gari lake, lile dogo lenye mlango wa kusukuma kwenda nyuma. Mama yako akanisomea vipimo, nami nikaichora picha yako ubavuni kwa chaki, kwa ukubwa wake, kama ninavyopima kazi zangu zote kabla ya kufungua kopo la rangi. Nikasogea mpaka pua inagusa bati. Mwanangu, mkono wa yule anayepokea ni mzuri. Nilikaa nao kitambo.

Halafu mwokaji akaja kupakia mikate, akausukuma mlango nyuma. Watu wakaanza kucheka. Kinyozi alitoka dukani na wembe wake akipiga kelele, "Mwizi huyo! Mkamateni!" Nikauliza kuna nini, mama yako akanieleza huku akicheka.

Mlango ukirudi nyuma, unamfunika yule wa pili. Anabaki wa kwanza peke yake, ameinama, mguu mbele, sanduku kifuani, na nyuma yake gari liko wazi. Anakimbia nalo! Na mlango huo unafunguliwa wapi? Mbele ya nyumba ya mteja, kila siku, magari elfu tatu na mia mbili. Simamisha kazi.

Hatujambo.

Baba yako


Tarehe 14 Machi

Baba yangu, baba yangu,

Shikamoo mara elfu tatu na mia mbili.

Dereva alinikuta getini. Niliisoma barua nimesimama. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wangu, tukateremka ngazi hadi kwenye gari la majaribio lenye picha yetu. Limekaa ukumbini chini ya taa mwezi mzima, wageni wamelipiga picha, wakurugenzi wamelizunguka na chai mkononi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kitasa. Kwenye kompyuta pia milango huwa imefungwa. Mkubwa wangu akausukuma mlango. Alimtazama yule mwizi wetu, akasema, "Huyu anakimbia vizuri, lakini siye tuliyemuuza."

Wapaka rangi wamesimamishwa. Hakuna gari lililoguswa, hakuna mteja aliyecheka. Tumeihamisha picha yote ikae kwenye mlango wenyewe. Ukisukumwa, watu wote wawili wanakwenda pamoja na sanduku lao. Sijafukuzwa, baba. Usiku wa jana nimelala kama mtoto.

Mkubwa wangu anataka kukulipa. Anasema taja bei. Tafadhali usiseme soda.

Binti yako


Tarehe 22 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na namshukuru Mungu. Mimi na mama yako hatujambo, tumecheka mpaka mbavu zinauma.

Nilikuwa nimeshaandika "soda mbili". Mama yako alininyang'anya kalamu. Akaniambia, "Mwokaji alifuta kwa kitambaa kimoja. Hao wangefuta kwa vitambaa vingapi?" Nilikaa na swali hilo siku nzima. Mtu wa gari moja akikosea, anachekwa na mtaa wake, jioni wamesahau. Wa magari elfu tatu anachekwa kila mtaa kwa wakati mmoja, na kitambaa cha kutosha hakijafumwa. Kumbe wanalipia usingizi. Nilikusingizia kwenye barua, na baadaye mbele ya kinyozi, mwanangu, na nimekwenda kwa kinyozi huyo huyo kuyafuta maneno yangu. Nisamehe.

Bahasha nimeifungua. Daktari amenipa tarehe tano mwezi ujao, anasema bado hatujachelewa. Na bei ya ule mlango nimemwachia mama yako aitaje. Mkubwa wako ajiandae.

Baba yako


Tarehe 4 Mei

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hujambo. Angalia mwandiko wangu ulivyo mdogo! Jicho la kulia limefunguliwa, la kushoto daktari atalishughulikia mwezi wa saba. Naona majani moja moja. Namwona mama yako, na nimemwambia jambo ambalo halikuhusu.

Sasa nikupe habari. Bandeji walinivua mapema, ila juzi ndipo daktari aliponiruhusu kutembea nje, jana nikatoka peke yangu kuutembelea mji. Nikaanzia duka la dawa, kile kibao nilichokiandika mwaka jana. Nikasimama. Herufi zinapanda mlima! Nikadhani jicho jipya linanichezea. Nikaenda kwa fundi viatu, kiatu nilichomchorea kinafanana na samaki. Kwa mwokaji, mstari unaanza mabegani na kuishia magotini. Miaka miwili mizima, tangu macho yaanze kuingia ukungu, mwanangu, kazi yangu yote imekuwa ya ovyo, na kila mmoja alinilipa, akanipa mkono, akasema, "Safi kabisa, fundi." Nilimkamata mwokaji, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungeacha kuja."

Nilikaa kwenye benchi lake nikalia kwa hilo jicho jipya, halafu nikacheka, tukacheka wote. Mimi niliyekuita mporaji ndiye niliyekuwa nauza kazi zilizopinda mchana kweupe.

Nimeamua kuvirudia vibao vyote bure, naanza na cha duka la dawa Jumamosi ijayo. Lakini hawa watu wananipenda mno, hawafai kuulizwa. Nahitaji mtu wa kusimama ng'ambo ya barabara, kabla sijafungua kopo la rangi, aniambie ukweli wangu bila huruma.

Njoo, mwanangu. Taja bei yako, nitalipa.

Ni mimi baba yako