Sauti za Mtaa Kwenye Gemu la Dada

Jumatatu, 3 Machi
Naanza leo, na naahidi: nitaandika kila kitu, hata yale ya kunitia aibu.

Gemu analotengeneza Dada linakaribia kukamilika—msichana anakimbia mtaani kwetu kupeleka mzigo kabla giza halijaingia. Lakini Baba amesema mwezi ukiisha bila gemu kuleta hela, Dada anakwenda kuuza misumari dukani kwa Mjomba. Kompyuta itafungwa kabatini.

Nikamwambia Dada aliuze. Akacheka. Mmoja akinunua, shule nzima itanakili kwake! Heri watoto wacheze bure, alipe mwingine.

Nani? Hajui.

Jumatano, 5 Machi
Wenye duka la kamari wako tayari kulipia gemu zima, mradi jina lao lionekane kila mahali. Dada amekataa: wachezaji ni watoto. Baba akaweka kijiko chini.

"Haya, kaleni hiyo bure yenu."

Nimepata wazo! Gemu lina mtaa, mtaa una maduka. Tuwauzie wenye maduka mabango humo ndani!

Ijumaa, 7 Machi
Kutoka shule, moja kwa moja kwa kinyozi. Nilijieleza kama tulivyofundishwa—salamu, jambo lenyewe, shukrani.

"Bango ninalo, binti, na halijaniletea hata mwenye kipara."

Nilitaka kulia. Nikamwonyesha tu gemu kwenye simu. Msichana akampita kinyozi wa kuchorwa.

"Mbona huyu bubu? Mimi mtoto hanipiti hivihivi!" Akaivuta simu mdomoni. "We binti! Salamu umeisahau nyumbani?"

Nikarekodi. Jioni Dada akaipachika sauti hiyo kwenye gemu. Kinyozi aliisikiliza tena na tena, akalipa. Si kwa bango—kwa sauti yake!

Jumamosi, 8 Machi
Mtaa mzima umepagawa! Muuza mboga ameimba. Fundi cherehani anataka kusikika kuliko kinyozi: "Mpunguze huyo, mwanangu, anafoka kama kapigwa shoti."

Hela bado hazitoshi. Lakini Dada anapiga mluzi.

Jumapili, 9 Machi
Dada yuko kwa Shangazi hadi kesho. Intaneti ya huko ina nguvu. Baba kanikuta nasikiliza zile sauti. Nilidhani ataninyang'anya simu. Akakaa. Akauliza, huyo msichana anajuaje kwamba giza limeingia? Hajui, nikasema, skrini inazimika tu.

"Haifai hiyo."

Akakohoa. Akaniambia nirekodi. Akaita vilevile anavyotuita tangu tukiwa wadogo: "Wanangu! Rudini nyumbani, giza hilo!"

Kisha akauliza bei. Nikasema bei anaijua Dada.

Nimemtumia Dada sauti. Baba bado yuko sebuleni, pochi mkononi, anajifanya anasoma gazeti. Chini ya sauti nimeandika: Dada, nijibu sasa hivi—Baba atulipe, au sisi ndio tumlipe?