Fomu Niliyoikalia

Jumatatu, 4 Machi 1974
Ofisini Kisii saa mbili. Mvua tangu alfajiri, viatu vimejaa tope la Nyanchwa. Mezani faili kumi na moja za wastaafu. Dereva mmoja mzee alikuja kuchukua karatasi zake, nikampa mawaidha yangu ya siku zote: usijenge nyumba kubwa, usinunue gari, usikile kiinua mgongo kabla hakijafika. Alinishukuru kwa mikono miwili. Miaka ishirini na minane nawaambia watu maneno hayo. Mwisho wa Juni ni zamu yangu. Fomu yangu imo kwenye droo tangu Novemba. Inataka nichague: kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja na pensheni ndogo, au pensheni nzima ya kila mwezi bila kiinua mgongo. Sijachagua. Nina kazi nyingi.

Ijumaa, 15 Machi
Nyumbani Manga. Nimewahi kuoga kabla Sabato haijaingia. Moraa ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kituo cha kununua majani ya chai, mgongo umelowa. Chai ile ni yake kwa jasho, yangu kwa jina. Tulipopanda, namba ya mkulima iliandikwa jina langu, na malipo yananifuata mimi mjini. Ya mwaka jana yote yaliishia kwenye kibanda cha mashine ya kusaga. Leo baada ya chakula ameniuliza kiinua mgongo kitafanya kazi gani. Nikamwambia: kitamaliza bei ya mashine, kitanunua ng'ombe wa mahari wa kijana wetu Nyandika, kitaezeka nyumba mabati mapya. Akaniangalia.
"Baba Kemunto, hiyo pesa ni moja ama ni tatu?"
Nimekasirika. Mke wangu hakusoma, lakini anajua pa kunibana. Nimelala mapema ili nisijibu.

Jumatano, 10 Aprili
Siku mbaya. Niandike yote, hakuna atakayesoma ila mimi.
Kemunto alipoolewa, ng'ombe kumi waliingia boma langu. Kwetu kila mtu anajua: ng'ombe wa mahari ya dada ni wa kaka anayemfuata, aoe nao. Nyandika ndiye anayemfuata Kemunto. Mimi niliuza saba, nikalipa nusu ya bei ya mashine. Nilijiambia kiinua mgongo kitawarudisha kabla kijana hajafikiria kuoa.
Amefikiria. Anafundisha Nyacheki, amepata msichana huko, na watu wa msichana wanatungoja Agosti. Leo alipanda basi hadi ofisini kwangu. Alisimama mbele ya meza, makarani wote wakainua macho.
"Tata, ng'ombe za dada ziko wapi?"
Nikamjibu kwamba ofisini hatufugi ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Aliondoka bila kuniaga. Masikio yananiwaka hadi sasa.

Sabato, 20 Aprili
Kanisani. Wote wameshajua nastaafu. Mzee wa kanisa ameniuliza habari za benchi mpya. Ndugu yangu Ombui anataka karo ya watoto wawili. Binamu ambaye sijamwona tangu uhuru amenikumbatia kama mtu aliyetoka jela. Sijapata hata senti, na tayari wanasema nina mkono mgumu.

Jumanne, 2 Julai
Nimestaafu Ijumaa. Soda, hotuba mbili, saa ya ukutani. Leo nimeamka, nimenyoa ndevu, nimefunga tai. Ndipo nikakumbuka. Nimekaa kitandani na tai yangu.

Alhamisi, 11 Julai
Mashine imewashwa. Muuzaji ameikubali nusu ile, lakini akanipa hadi mwisho wa Agosti kumaliza, la sivyo anairudisha kwake na nusu yangu inabaki huko huko. Wateja leo ni tisa. Sita ni jamaa. Hakuna jamaa aliyelipa. Wa mwisho hata alilalamika unga ni mnene. Dizeli haijui ukoo.
Baya zaidi: nikizima yangu, nasikia nyingine mbili ng'ambo ya bonde. Moja ya polisi mstaafu, moja ya dresa mstaafu aliyekuwa akifunga watu vidonda zahanati. Faili zao nilizishughulikia mwenyewe! Mtu wa kwanza alipata faida, sisi wote tukamfuata bila kuuliza mahindi ya kusagwa ni ya nani. Ijumaa foleni huwa ndefu, kila mama anataka unga wa Sabato, lakini jua likikaribia kuzama nazima, na waliobaki wanateremka kwa polisi. Yeye hashiki Sabato.

Jumatatu, 22 Julai
Nilikwenda Kisii kuuliza pesa zangu. Nikakaa kwenye benchi ya kungojea, benchi niliyoiagiza mimi, ngumu kweli. Kijana aliye kwenye kiti changu akafungua faili yangu. Mpole, simlaumu.
"Mzee, hii fomu haijajazwa. Bila hii hakuna kitu inaenda Nairobi."
Alikuwa ameikuta kwenye droo. Miezi minane! Nimewarudisha watu nyumbani, wengine wametoka mbali kwa miguu, kwa ajili ya sahihi moja tu. Sasa mimi. Sikusahau. Niliogopa. Nikichagua mkupuo, wote waliopanga foleni wataumaliza kabla ya Krismasi. Nikichagua pensheni, mashine inarudi kwa muuzaji, na ng'ombe sina. Nimerudi Manga na fomu mfukoni, tupu.

Jumatatu, 12 Agosti
Kikao nyumbani: mimi, Moraa, Nyandika, Ombui. Watu wa Nyacheki wanataka ng'ombe tisa. Bomani wamo watatu. Nyandika alisema kwa sauti ya chini kwamba msichana anaweza kupewa mtu mwingine, kwamba yuko mwalimu mwenzake anayemtaka, na kwamba yeye hatanidai tena. Afadhali angenitukana. Ombui alinishauri nichukue mkupuo, ninunue ng'ombe, kitakachobaki tugawane kidugu. Nikampigia kelele. Nikampigia na Nyandika. Nikasema mashine ni pumziko langu la uzeeni. Moraa aliningoja nimalize.
"Uza hiyo mashine. Haikupumzishi, inakula dizeli na inakula mtoto."
Nimetoka nje nikasimama kibandani. Ni mpya, inanuka rangi. Nampenda mwanangu kuliko chuma hiki. Kwa nini ilikuwa lazima niambiwe?

Ijumaa, 30 Agosti
Imekwisha. Dresa ameichukua. Yeye atamlipa muuzaji nusu iliyobaki, mimi amenipa ng'ombe watano, mmoja amekonda. Niliuza saba, nimerudishiwa watano. Kwa mtu aliyekuwa akiwafundisha wengine hesabu, ni aibu. Pamoja na watatu wa bomani ni wanane. Asubuhi hii Ombui amekuja na mtamba wake mwekundu, akamfunga kwenye mti wetu, akasema huyo ndiye wa tisa, nisimwambie mkewe bado. Na mimi nilimwita mlafi humu ndani ya nyumba yangu! Nimempa ile saa ya ukutani.
Fomu nimeijaza juu ya gunia la pumba. Pensheni nzima, kila mwezi. Karo ya Ombui nitachangia kidogo kidogo. Hakuna mkupuo wa mtu yeyote.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimekuwa shambani na Moraa tangu umande. Huchumi jani lolote tu: majani mawili na kichipukizi, mengine unaacha. Yeye mikono miwili inakwenda yenyewe. Mimi natazama kila kijiti kana kwamba ni faili. Kikapu changu hakikufika nusu, chake kilijaa mara mbili. Kituoni akina mama walinicheka waziwazi, mmoja akauliza karani amepoteza kalamu. Nilicheka nao. Mgongo unauma.
Nyandika na mkewe walikuwa hapa juzi. Aliangalia kibanda kitupu. Mkewe ameomba kuku wafugwe humo.
Pensheni ya kwanza imefika. Ndogo, lakini ilifika yote.
Majani yalipopimwa, kijana wa mizani aliandika jina langu kwenye risiti, kama miaka yote. Nikamuuliza namba inahamishwaje kwenda kwa jina la mke. Akasema kuna fomu, watu huichukua wakakaa nayo. Nikamwomba kalamu. Nimeijaza hapo hapo juu ya mizani, Moraa akaweka kidole gumba. Kisha akabeba kikapu chake, nikabeba changu, tukapanda mlima.